Pipi za homoni alizonitumia dada kutoka Texas

SWALI: Shikamoo dada mfamasia. Nina miaka 52, nauza dagaa soko la Mwaloni Kirumba hapa Mwanza, kwetu ni kisiwa cha Kome. Hedhi ilikata, sasa yapata miezi 22. Tangu hapo joto linanipanda ghafla mpaka watu wananiuliza kama naumwa, na usiku nalowesha shuka. Nimeshatibiwa malaria mara tatu. Dada yangu yuko Texas, ana miaka 57, alitolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe. Yeye anamumunya pipi za homoni, akanitumia pakiti tatu kwa mtu aliyekuwa anakuja. Zimeandikwa Biest 80/20 2.5 mg, Testosterone 0.5 mg. Naweka nusu asubuhi na nusu jioni, kati ya shavu na fizi. Zilifika zimelainika na kushikana, nikaziweka kwenye friji zikakaza, nikazikata kwa kisu. Hii ni wiki ya sita na nalala kama mtoto mchanga. Dada anasema ni za asili, hazileti kansa kama vidonge vya hospitali. Je, ni kweli? Zikiisha nitazipata Mwanza? Natumia pia amlodipini ya presha. Juzi niliona matone ya damu kwa siku mbili, nadhani ni hilo joto tu.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nianze na sentensi yako ya mwisho. Miaka 27 nyuma ya kaunta imenifundisha kwamba mteja hulitoa neno lenyewe akiwa ameshalipa, ameshaaga, na mkono uko mlangoni. Nawe umefanya vilevile. Habari ya joto umeisimulia kwa kirefu, habari ya damu umeitupia mwishoni.

Mwanamke akimaliza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, tunahesabu kwamba hedhi imekoma. Damu yoyote baada ya hapo, hata tone, hata ikiwa na rangi ya kahawa, ina sababu ya kutafutwa. Joto halitoi damu. Kwa hiyo acha pipi hizo leo, na wiki hii uende kliniki ya magonjwa ya wanawake. Usingoje mbalamwezi eti dagaa wapungue upate nafasi. Anzia kituo chako cha afya wakupe rufaa ya hospitali ya Sekou Toure au Bugando, na ubebe pakiti moja ikiwa na lebo yake. Ukiacha pipi huenda damu ikaongezeka kidogo kwa siku chache, usishangae. Ikiwa inajaza pedi kila saa, hiyo si ya kungoja kliniki, nenda idara ya dharura usiku huohuo.

Sisemi haya kukutisha. Katika kila wanawake kumi wanaotokwa damu baada ya hedhi kukoma, tisa hivi hukutwa na jambo lisilo saratani ya mfuko wa uzazi: uke uliokauka na ngozi yake kukonda, kinyama kilichoota, maambukizi, au homoni wanazotumia. Tunayemtafuta ni huyo wa kumi, na akipatikana mapema anatibika vizuri. Mlango wa kizazi nao utakaguliwa, maana saratani yake ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii. Kisha utafanyiwa altrasaundi, bora ile ya kupitia ukeni, kupima unene wa ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi. Ukuta ukiwa milimita 4 au pungufu, saratani humo ni nadra sana. Ukizidi, au damu ikirudi tena, watachukua kinyama kidogo kikapimwe maabara. Waambie wazi kwamba umetumia homoni kwa wiki sita, kwa sababu picha ileile husomwa tofauti kwa mtu aliyetumia na asiyetumia.

Waambie pia umekulia kisiwani. Mayai ya kichocho yanaweza kukaa kwenye mlango wa kizazi yakaleta damu, hasa kile kichocho cha mkojo kinachopatikana zaidi huku bara, kwenye madimbwi na majaruba ya Usukumani. Cha ziwani kwenu kinapenda zaidi utumbo na ini. Hilo la ini nitalirudia, lina kesi yake.

Sasa tuisome lebo pamoja. Biest ni kifupi cha estrojeni mbili, yaani homoni za kike. Hiyo 80/20 ni mgawanyo wake: asilimia 80 ni estrioli na 20 ni estradioli. Kwenye miligramu 2.5 unapata estrioli miligramu 2 na estradioli nusu miligramu. Nusu asubuhi na nusu jioni, siku ikiisha pipi nzima imeisha. Juu yake kuna testosteroni kidogo. Umeona kilichokosekana? Projesteroni.

Wala aliyeziandaa hakuisahau. Dada yako hana kizazi, na mwanamke asiye na kizazi hupewa estrojeni peke yake. Kwa mwili wake yeye hilo ni sahihi. Wewe kizazi unacho. Dawa uliyotumiwa ilipangwa kwa kuangalia mwili wa mtu mwingine, na sehemu iliyokosekana ndiyo uliyoihitaji kuliko zote.

Estrojeni huotesha ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi. Ulipokuwa unaona siku zako, projesteroni ilikuwa inafuata nyuma, inausimamisha ukuta huo usizidi, kisha unatoka kama hedhi. Estrojeni ikiingia peke yake kila siku, ukuta unakuwa kama shamba linalonyeshewa bila mtu wa kupalilia. Unanenepa, unaanza kudondosha damu ovyo, na ukiachwa miaka baadhi ya chembe zake zinaharibika na kuelekea saratani.

Jambo hili halina mjadala siku hizi. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani walitoa taarifa mbili zilizoonyesha kwamba wanawake waliopewa estrojeni tupu walipata saratani ya mfuko wa uzazi zaidi ya wenzao. Baadaye, katika miaka ya 1990, utafiti uitwao PEPI ukawafuatilia wanawake kwa miaka 3. Kati ya wale wenye kizazi waliopewa estrojeni tupu, theluthi moja hivi walikutwa na mabadiliko ya ukuta yale ambayo madaktari huyaogopa. Waliochanganyiwa na dawa ya jamii ya projesteroni walikuwa karibu sawa na wale waliomeza vidonge visivyo na dawa.

Najua dada atajibu nini: "Hiyo estrioli ni estrojeni dhaifu, haina neno." Ni dhaifu kweli. Lakini mwaka 1999 Wasweden walichapisha utafiti kuhusu wanawake waliokuwa wakimeza estrioli hiyohiyo, miligramu 1 hadi 2 kwa siku. Waliofikisha miaka 5 au zaidi, hatari yao ya saratani ya ukuta wa mfuko wa uzazi ilikuwa kama mara 3 ya wasiotumia. Miligramu 2 ndiyo iliyo kwenye pipi yako. Wiki sita si miaka mitano, kwa hiyo usikeshe unalia. Nimekutajia ili ujue kwa nini sikuruhusu uendelee eti kwa sababu unalala vizuri.

"Basi anitumie zile zenye projesteroni ndani." Zipo, na zinauzwa sana huko. Shida ni kwamba hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba projesteroni ya kumumunya inafika kwenye mfuko wa uzazi kwa kiasi cha kuulinda. Australia, ambako pipi za aina hii zilipata wateja wengi, mwaka 2007 madaktari waliripoti wanawake watatu waliopata saratani ya mfuko wa uzazi wakiwa wanatumia homoni hizi za kuchanganywa. Watatu ni wachache, na taarifa ya namna hiyo haithibitishi kila kitu. Ila inaonyesha kwamba jina la projesteroni kuandikwa kwenye lebo halitoshi. Projesteroni tunayoiamini ni kidonge cha kumeza cha miligramu 100 kila usiku, au 200 kwa siku 12 hadi 14 za kila mwezi. (Baadhi ya vidonge hivyo vimetengenezwa kwa mafuta ya karanga. Mwenye mzio wa karanga aseme mapema.)

Tuje kwenye neno "asili". Estradioli iliyo kwenye pipi ni ileile ambayo ovari zako zilikuwa zinatengeneza, hapo dada hajadanganya. Lakini haikuchumwa mtini. Hutengenezwa kiwandani kutokana na kemikali ya mmea, soya au jamii ya viazi vikuu. Njia hiyo ilifunguliwa Mexico miaka ya 1940 na mkemia Mmarekani, Russell Marker, aliyechimba kiazi pori akakibadilisha hatua kwa hatua mpaka akapata projesteroni. Mwili wako hauwezi kufanya kazi hiyo ya maabara. Ungekula viazi vikuu vya Bukoba gunia zima, ungeshiba tu. Tena estradioli hiyohiyo ya kiwandani ndiyo iliyo ndani ya plasta za kubandika, jeli za kupaka, na baadhi ya vidonge vilivyosajiliwa. Kama sifa ni kufanana na homoni ya mwili, dawa zilizosajiliwa nazo zina sifa hiyo, zikiwa na faida ya kwamba mtu amezipima.

Hofu ya dada kuhusu vidonge vya hospitali nayo ina chanzo. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani, Women's Health Initiative, ulisimamisha mapema kundi la wanawake 16,608 lililokuwa likijaribiwa estrojeni pamoja na projestini, yaani dawa ya jamii ya projesteroni. Kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka mmoja, waliotumia dawa walikuwa na saratani za matiti 8 zaidi, viharusi 8 zaidi, matukio 8 zaidi ya damu iliyoganda na kukimbilia mapafuni, na ya moyo 7 zaidi. Upande wa pili, mivunjiko ya nyonga ilipungua kwa 5 na saratani za utumbo mpana kwa 6. Habari ikaenea dunia nzima bila hayo mengine: kwamba wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63, na kwamba estrojeni yenyewe ilitokana na mkojo wa farasi wenye mimba, ikiambatana na projestini ya kutengenezwa. Leo ushauri uliokubalika ni kwamba mwanamke aliye chini ya miaka 60, au ambaye hedhi yake haijapitisha miaka 10 tangu ikome, akiwa na joto linalomsumbua na hana kizuizi, kwa kawaida faida kwake inazidi hatari. Kwa umri wako uko ndani ya mlango huo.

Dawa iliyosajiliwa ina karatasi ndefu ya maonyo kwa sababu ilijaribiwa kwa watu na madhara yake yakahesabiwa. Pipi ya dada haina karatasi hiyo kwa sababu famasi ya huko inayochanganya dawa kwa kila mteja hailazimiki kuithibitisha kwa FDA, mamlaka yao ya dawa, kabla ya kuiuza. Kukosa karatasi kumegeuka kuwa tangazo. Mwaka 2001 FDA walinunua dawa 29 za aina mbalimbali kutoka famasi 12 za kuchanganya. Kumi zilishindwa vipimo vya ubora, na tisa kati ya hizo zilikuwa na dawa pungufu kuliko ilivyoandikwa. Na mwaka 2020 jopo la Taasisi za Kitaifa za Sayansi, Uhandisi na Tiba la Marekani lilipitia ushahidi wa homoni za kuchanganywa. Likashauri zibaki kwa wachache: mwenye mzio na kitu kilichomo kwenye zile zilizosajiliwa, au anayehitaji muundo ambao haupo sokoni. Nikiri hapa kwamba sizichukii famasi zinazochanganya dawa. Mimi mwenyewe nimechanganya mafuta ya ngozi na dawa za watoto miaka mingi. Ni ufundi mzuri, lakini una mahali pake.

Swali ambalo wewe hukuliuliza, ila mimi limenikaa: kwa nini mtu amumunye badala ya kumeza? Wazo lenyewe ni la busara. Kila unachomeza kinapita kwenye ini kabla ya kuingia kwenye mzunguko wa damu, na ini ni kama geti la ushuru pale Mwaloni, gunia halitoki bila kukatwa. Katika kila mia ya estradioli inayomezwa, kama tano tu ndizo zinazotoka upande wa pili zikiwa estradioli, nyingi hugeuzwa kitu kingine. Mishipa ya ndani ya shavu haipiti getini. Pipi ya shavuni inatumia njia ya panya.

Matatizo ni mawili. Kwanza, pipi inatoa mate, na mate unayameza. Kiasi gani kimepita shavuni na kiasi gani kimepita getini, inategemea kama ulikuwa kimya au unabishana bei na wateja wa Kongo, kama ulinywa chai, kama uliitafuna kidogo. Leo hivi, kesho vile. Pili, dawa inayoingia kwa njia ya kinywa hupanda haraka, ndani ya saa moja hivi inafika kileleni, kisha inashuka kwa kasi. Mwili wako unapanda mlima asubuhi na kuteremka mchana, jioni tena. Plasta inatoa kidogokidogo, mikrogramu 25 au 50 kwa saa 24, kwa siku tatu au nne kabla ya kubandika nyingine. Nayo haipiti getini. Faida ile iliyotafutwa kwenye pipi imo humo, bila mawimbi.

Zako zina tatizo la tatu, ziliyeyuka. Pipi hizi hufinyangwa kwa kuyeyusha kitu kama nta au jelatini, kuchanganya unga wa homoni, kumimina kwenye vibweta na kuacha vigande. Nyingine hulainika kwa joto la mwili tu, nyingine huhitaji nyuzi 45 hivi, joto ambalo sanduku ndani ya gari lililoegeshwa juani linalifikia bila taabu. Uji ukiacha kuukoroga unga unakaa chini. Pipi ikiyeyuka ikagandishwa kwenye friji, homoni inaweza kulala pembe moja. Ukiikata kwa kisu, nusu ya asubuhi inaweza kuwa na karibu yote na ya jioni isiwe na kitu. Kwa hiyo hata lile hesabu langu la miligramu hapo juu, kwako lilikuwa la kwenye karatasi.

Testosteroni nisiipite. Ikizidi kwa mwanamke huleta chunusi, ndevu kidevuni, na sauti kuwa nzito. Chunusi zitaondoka. Sauti ikishashuka huwa hairudi.

Je, utapata Mwanza? Pipi hizi usizitafute. Dawa inayochanganywa kwa jina la mtu mmoja haina usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa ya hapa kwetu, na ukiikuta dukani hapa bila namba ya usajili, muuzaji hajui kilichomo kama wewe usivyojua. Estrojeni iliyosajiliwa ni dawa ya cheti, haiuzwi duka la dawa muhimu. Ukishapimwa na chanzo cha damu kikajulikana, daktari akiona unafaa atakuandikia, kisha nenda famasi kubwa za katikati ya mji. Plasta na jeli zinaweza kuhitaji kuagizwa Dar es Salaam, kwa hiyo uliza kabla ya pakiti ya kwanza kuisha, maana kukatisha kila wiki tatu kunarudisha joto lote.

Jambo moja nimeliona mara nyingi mno na linanikera. Mwanamke wa miaka 50 akilalamika joto anapewa vidonge vya majira, eti ni homoni zilezile. Si zilezile. Vya majira vina estrojeni ya kutengenezwa yenye nguvu nyingi kwenye ini, inayoongeza uwezekano wa damu kuganda. Kwa mwanamke wa umri wako mwenye presha, hapana.

Presha yenyewe haikufungii mlango wa homoni, mradi imedhibitiwa. Wanaofungiwa ni aliyewahi kupata saratani ya matiti, kiharusi, mshtuko wa moyo au damu kuganda kwenye mguu au mapafu, mwenye ugonjwa wa ini unaoendelea, na anayetokwa damu isiyojulikana chanzo, ambaye leo ndiye wewe. Na hapo ndipo Kome inaporudi. Kichocho cha ziwani kikikaa mwilini miaka mingi kinaweka makovu kwenye ini na kuvimbisha bandama. Kama umewahi kutapika damu, au tumbo linajaa upande wa kushoto chini ya mbavu, sema. Ini lenye makovu hatulibebeshi vidonge vya homoni vya kumeza. Nenda ukapimwe kichocho hata kama uliwahi kumeza dawa yake kwenye kampeni. Maji ya ziwa bado unayakanyaga.

Kuhusu amlodipini, tazama ulianza lini. Dawa hiyo nayo humfanya mtu apandwe na joto usoni na miguu kujaa. Kama joto lilizidi baada ya kuianza, daktari anaweza kukubadilishia. Usiiache mwenyewe. Miguu yote miwili ikijaa jioni ni jambo la kawaida kwa dawa hiyo, mguu mmoja ukivimba, ukiuma na kuwa wa moto ni dharura. Mwenzako anayesoma hapa akiwa kwenye dawa za TB ajue kwamba rifampisini inaivunja estrojeni haraka mpaka isifanye kazi. Efavirenzi, dawa ya VVU, nayo inaipunguza. Dolutegraviri, ya VVU pia, haina shida hiyo.

Malaria mara tatu? Ulipimwa, au ulipewa mseto kwa sababu ulisema joto na jasho? Joto la kukoma hedhi linapanda kifuani, shingoni, usoni, linadumu dakika chache, moyo unakwenda mbio, jasho, kisha baridi. Malaria ina homa inayoonekana kwenye kipimajoto, kichwa na viungo vinauma. Jasho la usiku likiambatana na kikohozi cha wiki mbili au kupungua uzito, pimwa TB na VVU. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi nayo huleta joto, na kipimo cha damu kinaionyesha. Mimi mwenyewe nilipofika huko nilikuwa nafungua friji ya insulini mara kumi kwa siku nikijifanya natafuta chupa. Kijana wangu wa dukani alikuja kunipa taarifa kwa upole kwamba umeme unakwisha haraka.

Wakati unasubiri majibu, usingizi wako haujakosa msaada. Zipo dawa zisizo homoni zinazopunguza joto hili. Gabapentini usiku inafaa kwa anayeamka kwa jasho, kwani inaleta usingizi pia, na venlafaksini kwa kiwango kidogo hufanya kazi, ila mwenye presha anafuatiliwa. Zote ni za cheti, zipo mjini, na daktari anaweza kukuandikia siku hiyohiyo ya kliniki. Pilipili, chai ya moto na pombe jioni huchochea kwa wengi, jaribu kuziacha wiki moja uone. Kama shida kubwa ni ukavu ukeni, kuna krimu ya estrojeni ya kupaka hapohapo kwa kiasi kidogo sana, nayo kwa kawaida haidai projesteroni. Na hao dagaa wako, wale pamoja na mifupa yao, kila siku ukiweza. Kalsiamu yake unaihitaji zaidi sasa kuliko ulipokuwa na miaka 30.

Hizo pakiti mbili zilizobaki usimpe jirani, hata akikusihi. Usizitupe ziwani wala chooni. Zipeleke famasi yoyote kubwa, waombe waziharibu pamoja na dawa zao zilizopita muda. Mpaka siku hiyo zifungie kabatini, siyo kwenye friji ambako wajukuu wanafuata soda. Zina utamu, zina rangi, na mtoto wa miaka minne hasomi lebo.

Dada yako mwambie bila ugomvi. Yeye anaweza kumwomba daktari wake plasta ya estradioli badala ya pipi. Kizazi hana, atabandika hiyo peke yake. Akipata msafiri mwingine wa kuja Mwanza akataka kukutumia kitu, aombwe feni ya kuchaji yenye betri nzuri, uiweke nje ya chandarua ikupulizie. Chandarua chenyewe usikitoe.